Mwenzake wa Sukari

Mara ya kwanza nilipomwona yule bwana, alikuwa amekunja mkono wa shati mpaka begani, na mke wangu amemwekea kidole juu ya msuli. Ilikuwa kwenye kliniki ya kisukari, Dar es Salaam, tunakokwenda kila baada ya miezi mitatu. Nilikuwa nimetoka kununua maji. Niliporudi na chupa zangu mbili niliwakuta kwenye benchi, yeye ameinamisha bega, mke wangu amesogeza uso karibu kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mke wangu hakushtuka aliponiona. Alisema tu, "Fundi, njoo uone. Hii ndiyo pampu yenyewe."

Nikaona. Kilikuwa kitu cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni kilichokwisha nusu, kimebandikwa kwenye ngozi bila waya wala mpira. Yule bwana alieleza kwamba ndani yake mna insulini ya siku tatu, inaingia mwilini kidogo kidogo kutwa kucha, na wakati wa kula anabonyeza rimoti ili iingie ya kutosha chakula. Siku ya tatu anakibandua, anakitupa, anabandika kingine. Sindano alikwisha kuzisahau. Alisema yote hayo akimtazama mke wangu, kisha akanigeukia na kunipa mkono.

"Habari za Kibiti, shemeji?"

Shemeji. Yaani katika dakika zile za kununua maji, mke wangu alikwisha kuwa dada yake na mimi nimeoa kwao.

Mimi ni fundi wa mashine. Nilizaliwa deltani, upande wa mikoko, na ufundi nilijifunza kwa kufungua injini za boti za watu waliokuwa na haraka ya kwenda Nyamisati. Sasa nina karakana Kibiti, kando ya barabara ya Lindi. Kazi yangu kubwa ni mashine za kukoboa mpunga na pawatila, matrekta yale ya kusukuma kwa mikono, za wakulima wa Chumbi na Mkongo, ingawa injini za boti bado wananiletea. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwao ni Mkongo. Kisukari kilimpata akiwa darasa la sita, ile aina inayowashika watoto, ambayo mwili unaacha kabisa kutengeneza insulini. Tangu hapo anaishi kwa sindano nne kwa siku, iwe Idi, iwe msiba.

Nilipopeleka posa, wazee wake hawakunificha. Walisema binti ana ugonjwa wa maisha, nikafikirie. Nikajibu kwamba mimi ni fundi, siogopi mashine inayotaka mafuta kila siku. Lilikuwa neno la kijana, na mpaka leo wakwe zangu wananicheka nalo. Lakini nilijifunza. Nilijua sukari yake inaposhuka kabla yeye hajajua: anaacha maneno nusu, anaweka kalamu mezani taratibu kama anaweka yai. Nilikuwa namtia kitu kitamu mdomoni ndipo yeye anauliza kuna nini. Umeme ukikatika siku mbili tatu, dawa yake naiweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga ninaoulowesha asubuhi na jioni. Na kila Ijumaa nikirudi msikitini, sindano ya mchana nilimchoma mimi, nyuma ya mkono, pale ambapo mkono wake mwenyewe haufiki vizuri. Hakuwa na haja na msaada ule. Alikuwa na tumbo na mapaja, na amejichoma tangu utoto. Lakini Ijumaa, ule mkono ulikuwa wangu.

Sisemi haya kujisifu. Nayasema ili ieleweke nilikuwa nalinda nini.

Siku ile ya kliniki walipeana namba za simu mbele yangu. Mimi ndiye niliyemsomea mke wangu tarakimu za mwisho, kwa kuwa miwani yake ilikuwa chini kabisa ya mkoba. Baada ya hapo simu yake haikutulia. Kabla ya chai, mlio. Akitoka shule, mlio. Kama angeificha ningejua la kufanya. Hakuificha. Aliiacha mezani, akaenda zake kuoga, na siku moja mimi nikaichukua nikaisoma.

Nilitafuta neno la mapenzi. Sikuliona. Niliona namba za vipimo vya sukari.

"Leo nimeamka na sita," ameandika yule bwana.

"Hongera. Mimi kumi na tatu. Wali wa nazi wa jana."

"Pole mwalimu. Wali wa nazi hauna urafiki na mtu."

Na mke wangu ameweka kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimemuuliza ameamkaje, akaniambia yuko sawa.

Nilirudisha simu mahali pake, nikaenda karakana. Siku ile nilikata bolti mbili kwa kukaza kupita kiasi, mimi ambaye wateja wananisifu kwa mkono mwepesi. Mtu akimtaka mkeo, kuna desturi zake. Unamwita pembeni, unamweleza, akikaidi unawaita wazee. Huyu hakuwa anamtaka. Huyu alikuwa anaujua ugonjwa wake kutoka ndani, na mimi kwa miaka tisa nilikuwa naujua kwa kubahatisha kutoka nje. Wazee ningewaambia nini? Kwamba kuna mtu anamtumia mke wangu namba sita?

Kabla ya Ramadhani, shemeji yangu wa kweli, kaka yake mke wangu anayefanya kazi Maskati, alipiga simu. Alisema atakuja likizo baada ya Idi na angependa kumletea dada yake pampu. Amekwisha kuulizia. Zipo mbili anazoweza kuzipata, na dada achague mapema ili vifaa vyake vinunuliwe pamoja. Moja ni ya kubandika, kama ya yule bwana. Ya pili ni ya mpira: kisanduku kama simu ndogo za zamani, kinavaliwa kiunoni, na mpira mwembamba unapeleka dawa mpaka kwenye kisindano kilichobandikwa tumboni. Daktari wa kliniki alisema zote zinafaa, mradi mke wangu asitupe sindano zake.

Mke wangu alitaka ya kubandika. Sababu alizitoa: anasimama darasani, anainama jikoni, anajifunga kanga, mpira utanaswa na kila kitu. Zilikuwa sababu za kweli. Mimi nilisikia moja tu ambayo hakuisema. Niliona anataka alichonacho yule bwana. Niliona wanataka kushona sare, kama watu wa arusini.

Kiingereza changu ni cha vitabu vya injini, lakini kinatosha. Nilikaa na simu karakana nikatafuta habari za kiwanda kinachotengeneza ile pampu ya kubandika. Haikuchukua muda. Kampuni ilikuwa kwenye matatizo. Wafanyakazi wamepunguzwa, wenyewe wanatafuta mtu wa kuinunua, na hakuna aliyejua kama itafika mwakani. Nilisoma mara tatu nisije nikawa nimeelewa vibaya. Sikusikitika. Nilifurahi, na sina budi kuliandika hivyo hivyo. Nilikaa na habari ile siku mbili kama mtu mwenye pipi shavuni, nikingoja Jumapili tukae vizuri, ili niitoe kwa sauti ya mtu anayejali.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nikaitoa.

"Najua," alisema mke wangu. "Aliniambia mwenyewe, wiki ya kwanza tu. Ana maboksi ya miezi michache. Hana raha, maskini."

Hata habari mbaya yule bwana alikuwa ameniwahi kuileta.

Kwa hiyo nikaongea kama fundi. Nilimweleza kuhusu injini moja ya boti tuliyokuwa tunaipenda sana deltani nilipokuwa najifunza kazi. Nyepesi, mtu mmoja anaibeba begani, haili petroli. Karibu kila mwenye boti alikuwa nayo au anaitafuta. Kisha kiwanda chake kikafungwa. Mwaka wa kwanza hatukuona tofauti. Baadaye kikaanza kuisha kile kipande kidogo cha mpira kinachovuta maji ya kupozea, kitu cha ukubwa wa kifuniko cha chupa. Tukakata vya kwetu kwa tairi, kwa soli za kandambili, vikawa vinadumu wiki, vinadumu siku. Tukaanza kuua injini moja ili kuponya nyingine. Mwisho, injini nzima nzuri zikawa zinatupwa kwa kukosa kipande ambacho mtoto angeweza kukimeza.

"Boti ikizima unapiga kasia," nilimwambia. "Wewe ukizima?"

Alijua ninachosema. Pampu, ya aina yoyote, inatumia insulini ya haraka peke yake. Ikisimama, hakuna akiba iliyobaki mwilini, na kwa saa chache tu damu inaanza kuharibika. Alikuwa amefundishwa hilo kliniki na mimi nilikuwa nimekaa kando yake.

"Ya injini nimeyaelewa," alisema baadaye. "Sasa kamuulize yeye. Kuna maswali mimi sijui kuyauliza. Wewe ndiye fundi."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, siku ya kliniki iliyofuata, nimekaa meza moja na mke wangu na yule bwana kwenye mkahawa ulio ng'ambo ya hospitali. Ni karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Anaishi peke yake, Mbagala. Kwa nini peke yake, hakusema, na mimi sikuuliza ingawa nilitaka sana kujua. Alikuwa ameniletea pampu mbili: moja mpya ndani ya boksi, nyingine iliyokwisha kutumika, akasema hii ifungue shemeji, uone roho yake.

Niliifungua kwa kisu changu cha mfukoni. Ndani palikuwa na betri ndogo mno, meno ya plastiki yaliyopangwa kwa ustadi, na kijiti cha kusukuma dawa chembamba kuliko uzi wa nyavu. Ilikuwa kazi nzuri. Mikono yangu iliipenda kabla moyo wangu haujaikataza. Nikauliza maswali. Betri inabadilishwa? Haibadilishwi, inatupwa na kitu chote. Kuna kiwanda kingine kinachotengeneza ya kuingiliana nayo? Hakuna. Rimoti ikifa? Inatoka kwao tu. Aliwahi kuwaandikia kuhusu chaji, wakajibu baada ya wiki nyingi. Hakunificha kitu. Ningependa angenificha.

Aliendelea kueleza, akafika katikati ya sentensi, akaweka kijiko mezani. Mimi nilikuwa nimeshika meno ya plastiki mkononi, sikuona kitu.

"Umeshuka," alisema mke wangu.

"Niko sawa, mwalimu."

"Umeshuka." Na alikwisha kufungua mkoba, akatoa ile chupa ndogo ya juisi, akaifungua, akaisogeza mpaka mdomoni mwake. Yule bwana akanywa kama mtoto. Kisha akajipima sukari. Tatu.

Juisi ile niliinunua mimi asubuhi, Kibiti. Niliiweka mkobani mwa mke wangu mwenyewe, kama ninavyofanya kila safari. Lakini si juisi iliyonichoma. Ni lile jicho. Mke wangu alikuwa anamtazama yule bwana, akingoja rangi yake irudi, kwa jicho ambalo mimi humtazamia yeye. Sikuwa nimewahi kuliona kwa nje. Sikujua lina huruma kiasi kile.

Njiani kurudi tulizungumza habari za binti yetu tu, kwamba tumemwahidi chapati. Mpaka kesho yake, alasiri, mke wangu akiwa amekaa kibarazani anapeta mchele, ndipo aliponiita nikae.

"Haya, sema. Kama fundi."

Nikasema ya mpira. Nilimpa sababu zangu. Kiwanda chake ni cha siku nyingi na wakala wake yupo Dar. Kisanduku chenyewe kinadumu miaka, kinachobadilishwa ni mpira na chupa ya dawa tu. Tena nilikuwa nimeuliza, mdomo wa kuungia mpira ni wa kawaida, mipira ya viwanda vingine inaingia. Kampuni moja ikifa, hafi nayo.

"Na kama mume?"

"Kama mume pia, ya mpira. Lakini sababu zake si nzuri."

Alipeta kidogo, akapuliza makapi. "Ulisoma simu yangu," alisema.

Sikukana.

"Uliona nini?"

"Namba. Ulimwambia yeye kumi na tatu. Mimi uliniambia uko sawa."

Aliweka ungo chini. Hakuwa na hasira, na nilitamani angekuwa nayo. "Nikikwambia wewe kumi na tatu, huli," alisema. "Unaacha sahani, unanikodolea macho. Binti naye anaacha kula kwa sababu baba ameacha. Mchana kutwa karakana unapiga simu. Yeye nikimwambia kumi na tatu, ananijibu kumi na moja, anaendelea na chai yake. Nataka mtu mmoja tu duniani ambaye namba yangu haimnyimi chakula."

Nilichukua ungo nikaendelea kuchagua mawe, kazi nisiyoijua, mpaka akanipokonya.

Alimpigia kaka yake jioni ile, akachagua ya mpira. Nilisikia akimweleza habari za mdomo wa kuungia, maneno yangu yale yale, kwa ufasaha kuliko nilivyoyasema mimi. Nilijiona nimeshinda. Niliona nimemtoa yule bwana mwilini mwa mke wangu kwa hoja safi ya spea, na hakuna wa kunilaumu.

Pampu ikaja baada ya Idi. Mke wangu alifundishwa kliniki siku mbili, akampelekea fundi cherehani magauni yake yote yawekewe mfuko kwa ndani, ubavuni. Wiki ya kwanza mpira ulinaswa na kitasa cha mlango wa darasa. Wiki ya pili haukunaswa tena. Namba zake zikatulia. Alikuwa anazitaja mwenyewe wakati wa chai, bila kuulizwa, nane, saba, tisa, na mimi nilijifunza kuendelea kutafuna.

Ijumaa ya kwanza nilirudi msikitini, nikanawa mikono kwa sabuni kama kawaida yangu, nikaenda kwenye kabati ya dawa. Nikasimama pale. Mke wangu alikuwa mezani, amebonyeza kisanduku chake mara mbili, anapakua wali. Nilikuwa nimepigana vita na mashine ya mtu mwingine miezi mizima, na sikufikiria hata siku moja kwamba zote mbili, ya kubandika na ya mpira, zingeninyang'anya kitu kile kile. Nilirudi nikakaa. Aliniuliza mbona nimenawa mara mbili. Nikasema nilishika grisi.

Na meseji hazikukoma. Sasa walikuwa na jambo jipya la kulinganisha, yake inalia vipi, yangu inalia vipi. Hali ya ile kampuni haikueleweka. Mara tunasikia amepatikana mnunuzi, mara mnunuzi amejitoa. Yule bwana alikuwa amebakiwa na maboksi ya kuhesabu kwa vidole. Kisha, kabla hata hayajaisha, rimoti yake ikakataa kuchaji. Bila rimoti, pampu mpya haiwezi kuwashwa. Aliandika kiwandani, kimya. Akaandika tena. Akarudi kwenye sindano na kipimo chake cha zamani.

Mke wangu hakuniomba. Alinieleza tu, huku anakusanya daftari za wanafunzi, kisha akangoja. Nikasema aitume.

Ikaja kwa basi, imefungwa kwenye boksi la viatu. Nilikwenda kuichukua stendi mwenyewe. Nikiwa karakana niliifungua nikaiangalia kwa kioo cha kukuza. Kitundu cha chaji kilijaa vumbi la mfukoni na kutu, na mguu mmoja wa waya ndani ulikuwa umeachia. Nilisafisha kwa spiriti na mswaki, nikauchomea ule mguu kwa risasi ya kulehemu, nikaunga. Kazi ya saa moja na nusu. Ikawaka.

Rimoti ile ndiyo pia kipimo chake cha damu, na namba zake zote zimo. Ningeweza kuizima. Nikaanza kuzisoma, siku moja nyuma, wiki moja nyuma, mwezi. Zile sita na saba nilizoziona kwenye simu ya mke wangu nilizikumbuka vizuri, maana nilikuwa nimezichukia moja moja. Nikatafuta asubuhi zile. Mashine ilisema kumi na tano. Ilisema kumi na saba. Ilisema kumi na nne, kumi na nne, kumi na tisa. Sita hazikuwepo. Pale mkahawani aliposhuka mpaka tatu, labda alikuwa amejiongezea dawa kwa aibu, ili aje kwetu na namba nzuri.

Yule bwana alikuwa anamdanganya mke wangu. Mtu mmoja duniani ambaye mke wangu anampa namba za kweli, alikuwa anamrudishia za uongo.

Niliiweka rimoti kwenye droo ya spana, nikafunga kwa ufunguo. Nyumbani nikasema bado naiangalia. Siku mbili nilisema bado naiangalia, na siku mbili mtu alijichoma sindano Mbagala kwa sababu yangu. Nilikuwa natengeneza sentensi. Mwenzako anakudanganya. Niliisema peke yangu karakana, nikaibadilisha, nikaipunguza ukali, nikairudishia ukali.

Siku ya pili, mchana, mke wangu alisema ameongea naye kwa simu. "Anasema anaendelea vizuri," alisema, "lakini sauti yake siipendi. Hivi haiwezekani kupona, hiyo rimoti?"

Ilikuwa nafasi yenyewe. Nilifungua mdomo. Nikaona itakavyokuwa: asingemchukia. Angemwonea huruma. Angejua kwamba yule bwana yuko peke yake na namba kumi na saba anazoona haya kuzitaja, angempigia asubuhi na jioni, angemfungia chakula kwenye basi. Huruma ya mke wangu naifahamu, ndiyo iliyomfanya akubali posa ya fundi asiye na hata karakana. Bora aendelee kumdhania mzima.

Kwa hiyo sikunyamaza kwa wema. Nikasema imepona, nilikuwa naijaribu tu, kesho inakwenda.

Niliipeleka stendi asubuhi, nikampa kondakta, nikamsisitiza isiwekwe chini ya mizigo. Alasiri simu yangu ikalia. Ilikuwa namba ya yule bwana; hakuwahi kunipigia mimi. Alishukuru sana. Alisema amekwisha kubandika, imewaka mara ya kwanza, na akauliza gharama. Nikamwambia hakuna gharama. Akashukuru tena, na ilikuwa wakati wa kuagana, lakini sikuaga.

"Leo umeamka na ngapi?" nilimuuliza.

Nikasikia magari ya kwao yakipita. Naye ni mtu wa ofisi, anajua rimoti imelala kwangu siku mbili, na namba zake ndani.

"Kumi na sita, shemeji," alisema. Kisha akasema, "Mwalimu asijue."

Nikamwambia sitamwambia. Nikamwambia amwone daktari wiki hii hii, asingoje siku ya kliniki, na rimoti ikileta tena shida aitume moja kwa moja kwangu, asipitie kwa mtu. Akasema sawa. Maboksi, alisema, yamebaki manne, na kiwanda hakijamjibu. Pengine ataanza kutafuta ya mpira, kama ataweza. Nikamwambia akiipata anitafute, nimweleze habari za mipira inayoingiliana.

Mke wangu alikuwa amepitia karakana kutoka shule, amesimama mlangoni na mkoba wake begani. Aliuliza nilikuwa naongea na nani.

"Mteja," nilisema, nikaendelea kufunga mashine ya mtu wa Chumbi.